Moyo wa Chura na Uji wa Kathambi

Mwiti wangu,

Ni mimi mama yako. Tangu homa ikuue kule kambi ya kizuizini, mkono wangu umekataa kukuandikia. Leo umekubali kwa sababu nimegombana na shangazi yako, na ni wewe ungetuamua.

Serikali imetuhamishia kwa nguvu kwenye kijiji cha ulinzi, handaki pande zote, nyumba zimebanana mpaka nikikohoa jirani ananipa pole. Mdogo wako Kathambi bado ana ule moyo dhaifu. Miguu ilimvimba, nikaomba pasi ya kutoka kijijini, nikampeleka hospitali. Dresa, yule msaidizi wa daktari, akampa matone ya kuupa moyo nguvu. Uvimbe umepungua, Mwiti! Juzi alimkimbiza kuku.

Basi shangazi akaja na udongo mweupe, ule tunaoramba tukiwa na mimba, ameshausaga, akautia kwenye uji wa mtoto. "Hii si chokaa? Si Mwiti mwenyewe alisema chokaa ndiyo inaufanya moyo uvute?"

Na ni kweli ulisema. Unakumbuka ulivyorudi kutoka mafunzo ya udresa, ukapasua chura kwenye bakuli langu, nyanya yako akatoka nje akitema mate? Ukakatoa kale kamoyo, kakawa kanapiga peke yake. Ukakaweka kwenye maji ya chumvi tu, kakanyamaza. Ukadondosha maji ya chokaa, kakaanza tena. Tulipiga kelele sisi! Shangazi akatoka mbio kwenda kutangaza.

Mimi nilibaki, maana bakuli ni langu. Ukaongeza chokaa, ukaongeza tena. Kakajikunja kama ngumi, kakakataa kufunguka. Ukaniambia, "Mama, kuvuta peke yake si kazi. Lazima moyo uachie pia, ndio damu iingie."

Nikamwaga ule uji. Shangazi akasema ninamnyima mtoto uhai. Maneno hayo yalinikaa. Na kama nimekosea? Wewe hata kukuzika sikupewa ruhusa, na huyu je nikimpoteza?

Nikarudi kwa dresa, udongo nimeufunga kwenye leso. Akasema matone yale na chokaa vyote vinaufanya moyo uvute, vikizidi unakataa kuachia, ndiyo maana mwenye matone hadungwi sindano ya chokaa ovyo ovyo. Nisiongeze kitu bila kumuuliza.

Shangazi bado amenuna, lakini jana alimletea Kathambi ndizi.

Pumzika, mwanangu. Kila asubuhi nitaweka sikio kifuani mwa dada yako, nisikie moyo ukivuta, nisikie ukiachia. Na huu wangu uliojikunja tangu uende, nitajaribu kuufungua kidogo kidogo.

Mama yako