Hatushuki Mtumbwini, Shangazi

Tindiga, Kilosa
7 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Filomena,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza kuuma na baridi ya Sumbawanga haijakuzidi. Sisi tu wazima. Irine amerefuka, sketi ya shule imempanda magotini, na kesho anarudi darasani. Mdogo wake Happiness ana miezi saba na meno mawili. Baba yao, Fortunatus, anakuamkia.

Mwezi uliopita ulinikatia simu kabla sijamaliza kusema. Sikukasirika, umenilea, una haki. Ila barua haikatwi. Nampa mwanao Godfrey, aliyekuja kututembelea, akukabidhi mkononi.

Ulisema mwanamume wa mguu mmoja hawezi kulisha nyumba, kwa hiyo nirudi kwako na watoto. Ulisema Fortunatus aliishia kule Mikumi, siku alipokuwa akiziba pancha kando ya barabara na lori likamwangukia mguuni. Ni kweli, Shangazi, mguu ulibaki Mikumi. Mengine yote alirudi nayo.

Masika ya mwaka huu maji ya bwawa yalipanda mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Yalipoanza kushuka, jirani yetu Mzee Yassin akatuchongea mtumbwi. Hakufanya kwa huruma. Alimwambia Fortunatus, "Kwenye mtumbwi mtu anakaa. Miguu ya nini?" Mume wangu akacheka. Tangu ajali nilikuwa sijamsikia akicheka.

Basi likizo yote hii tumeishi majini. Asubuhi tunamwacha Happiness kwa Bi Yusrah, mke wa Mzee Yassin, tunaingia sisi watatu. Fortunatus anakaa nyuma na kafi. Mikono yake imekuwa kama ya mpasua mbao. Mimi nasimama mbele na upondo wa kusukumia mtumbwi, na Irine anakaa katikati, dumu tupu limefungwa mgongoni ili aelee akianguka. Yeye ndiye anayejua migono yetu ya kunasia samaki ilikotegwa, na kambare mdogo akiingia anamrudisha majini na kumwambia akakue kwanza. Wakati mwingine tunasahau kazi, tunakula mihogo ya kuchemsha katikati ya maji huku tukitazama ndege.

Watu wamesema. Mmoja aliniuliza kisimani, mbele ya wenzake, ni nani mume na nani mke kwenye mtumbwi ule. Nikamjibu, "Dada, ukitaka kambare njoo Jumamosi. Ukitaka maneno, hayo huku hatuvui."

Jambo moja sitakuficha, maana Godfrey atakusimulia. Tarehe ishirini na sita Juni mtumbwi ulipinduka. Kiboko aliibuka karibu na matete, nami kwa hofu nikageuka vibaya. Nilipotoa kichwa majini sikumwona Irine. Shangazi, sijui nilipiga kelele au sikupiga. Kisha nikasikia sauti ya Fortunatus, imetulia kabisa: "Ninaye, Lea. Wewe shika mtumbwi." Alikuwa amelala chali, mtoto kifuani, anapiga maji kwa mkono na mguu ule mmoja, mpaka akafika pasipo na kina. Kiboko alizama akaenda zake.

Ukingoni walikuwa wameshajaa watu. Shemeji Gerald, kaka yake Fortunatus, alipopata habari alikuja kutoka Kimamba akasema mtumbwi upasuliwe kuni. Fortunatus akamwambia, "Kaka, mimi lori liliniangukia nchi kavu."

 Kesho yake asubuhi sikutaka kwenda, nakiri. Irine akachukua dumu lake mwenyewe, akanigeuzia mgongo nimfunge. Nilimfunga, tukaenda. Siku hizi upande ule wa matete hatuukaribii. Tumejifunza, lakini hatukushuka.

Jana Happiness alibatizwa. Tulikaanga na kubanika kambare tuliowavua wenyewe, Bi Yusrah akapika wali wa nazi, na yule dada wa kisimani alikuja akaomba kuongezwa mchuzi. Ngoma ilipokolea Fortunatus aliegemeza ukutani gongo lake moja la kutembelea, akamchukua mtoto kwa mkono uliokuwa huru, akacheza. Watu wakampisha uwanja. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi nikimtazama, wala sikuona mtu wa kuhurumiwa.

Kwa hiyo, Shangazi, siji. Nilimkubali mbele ya altare, na hata leo ningeulizwa upya ningemkubali tena, na magongo yake. Ulinifunza kutii wakubwa, nami nakutii kwa mengi. Hili moja nalikataa kwa heshima zote.

Wasalimie Baba Mdogo Timotheo na Paulo na wanawe. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri na miguu ya kusafiri, maana natamani sana uje utuone. Nitakupokea mwenyewe stendi ya Kilosa. Ila tiketi ya kurudi, Shangazi, kata ya mtu mmoja.

Mimi mwanao, ninayekupenda na kukukatalia,

Lea