Waya Uliouunga Wewe

Kaka Ulan,

Sisi wazima, theluji ya hapa Naryn bado haijayeyuka. Leo nimefungua swichi ya gia ya gari la baba, ile inayozuia injini kuwaka gari likiwa kwenye gia, nikasugua vyuma vyake vilivyolika, nikaung'oa ule waya uliouunga wewe kuiruka swichi hiyo mbovu kabla ya kwenda Moscow. Sasa gari haliwaki tena likiwa kwenye gia.

Kaka, gari halikuteleza kwenye barafu likamuua baba, kama nilivyowaambia wewe na mama. Alisimama mbele ya gari akasema, "Washa, binti yangu, nisikie injini." Nikawasha bila kuitazama gia. Gari likaruka, likambana ukutani.

Hospitalini, kabla ya kukata roho, alininong'oneza, "Ulan asijue habari ya waya." Nimejaribu kukuficha, nimeshindwa. Uliunga wewe, niliwasha mimi. Mama hajui. Rudi, tumwambie pamoja.

Mdogo wako,
Jyparkul