Gusa Hapa Usome Zaidi

Katoro, Geita
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Noela,

Shikamoo. Naomba barua hii iwakute wazima, wewe na Limi, na baba na mama, mayu wetu, wawe wanaamka salama hapo Mhunze. Kikohozi cha mayu kimetulia? Mwambie asiache dawa kwa sababu tu kifua kimemwachia siku moja, namjua alivyo. Nasikia Limi ameshazoea shule ya huko ila michembe ya viazi ameigomea kabisa. Mwache, hata mimi nilikuwa hivyohivyo. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma humu.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu ninayo. Dada, kwenye simu nitalia na wewe utakata, tunajuana. Nataka uyasome yote haya mpaka chini, hata kama katikati utatamani kuichana. Nimempa Mwaisha, yule mama anayekuja huko kununua dengu, na nimemwomba akukabidhi mkononi mwako, siyo kwa baba.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa. Hapo nyumbani mnasema Lusia anachezea kompyuta kwenye ushirika wa wachimbaji, na mimi nimewaacha mseme hivyo kwa sababu kueleza kulinichosha. Leo itabidi nikueleze, maana bila hilo hutanielewa. Wakaguzi wetu wakitoka kwenye mashimo ya dhahabu, yaani maduara, huandika taarifa kwa simu, maandishi ya kawaida tu, ila wanatia vialama katikati: alama ya reli mbele ya kichwa cha habari, nyota mbilimbili kwenye maneno ya kukoleza. Mtindo huo unaitwa Markdown. Ipo programu inayosoma vialama hivyo na kugeuza maandishi yawe ukurasa wa kueleweka kwenye tovuti ya ushirika, nasi tunaiita kichanganuzi. Sasa kichanganuzi kinazijua alama zake za kawaida na basi. Ukitaka kijue alama mpya, unakitengenezea programu ndogo ya kukichomekea ubavuni, yaani kiendelezi. Mwezi wa sita nilitengeneza kimoja.

Sababu ilikuwa taarifa ndefu. Pantaleo, mkaguzi wetu mkubwa, anaandika kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani, hata rangi ya udongo anaitaja. Wasimamizi walilalamika kwamba kwenye simu zao ndogo wanasogeza ukurasa mpaka kidole gumba kinawauma. Basi nikaongeza alama: nuktambili tatu mwanzoni, nuktambili tatu mwishoni, na chochote kilicho katikati kinakunjwa. Kinachobaki juu ni kichwa cha habari na mstari mmoja: Gusa hapa usome zaidi. Ukigusa, maelezo yanafunguka. Nilikijaribu kwenye simu yangu, ya katibu, ya Pantaleo, hata ile ya mlinzi wetu yenye kioo kilichopasuka, na kote kilifunguka vizuri. Katibu alinisifu mbele ya mkutano. Nilijiona mtu, dada, sikufichi.

Wakaguzi wengine walikishika haraka, Pantaleo akawa mzito. Jioni moja ya mwezi wa tisa alinipigia akiwa machimboni kwenye kilima, mahali pamoja tu ambapo mtandao unashika, akaniuliza kama nuktambili ni tatu au nne, na kama taarifa yote inaweza kuingia kwenye mkunjo. Nilimjibu ni tatu, na kwamba bila shaka yote inaingia. Sikumuuliza taarifa yenyewe inahusu nini. Nilimpongeza kwa kuwa mwanafunzi mwema, akacheka, tukaagana.

Wewe ni mke wa msimamizi wa duara, hayo ya winchi unayajua kuliko mimi, ila ngoja niyaseme, kwa sababu ndipo nilipokosea. Pale kwenye duara mtandao haupo. Kwa hiyo mumeo Selestine hupanda pikipiki alfajiri hadi steshenari hapa Katoro, wanamchapia taarifa ya siku hiyo, anarudi nayo, anaipigilia kwenye nguzo ya winchi na kuwasomea vijana kwa sauti. Hakuna anayeshika kamba ya kushuka kabla karatasi haijasomwa. Karatasi ikisema leo hapana, hata mwenye duara akifoka hawashuki. Hayo yote niliyasikia nikiwa nimekaa mezani kwako nakula ugali wako, na nilimtania shemeji kwamba wachimbaji mnaabudu karatasi kama barua ya askofu. Niliyasikia kwa masikio yangu na sikuyaunganisha na kazi yangu hata mara moja.

Asubuhi iliyofuata simu ile ya Pantaleo ndiyo asubuhi duara lilipoporomoka na kuwafunika vijana wake wawili, Enock na Mageni. Taarifa ilikuwa kwenye tovuti tangu jioni: matimba yanayozuia kuta za upande wa mashariki yameoza, maji yanapenya, mtu yeyote asishuke mpaka yabadilishwe. Msibani watu walikuwa wanaioneshana kwenye simu zao. Selestine alisema karatasi aliyopewa haikuwa na maneno hayo. Wakamwambia maneno yalikuwa kwenye karatasi ya pili, na hiyo ya pili ameitupa mwenyewe ili asipoteze mawe ya dhahabu ya siku hiyo. Hata polisi aliwaonesha karatasi yake, wakaitazama na kumrudishia, wakasema sawa, hii ni ya kwanza, leta nyingine. Na mama yake Enock, anayekaa benchi moja na mayu kanisani, akamwambia mayu kwamba mkwe wake amemuulia mtoto.

Mimi niliamini. Hapo sitaki kujipaka mafuta. Unakumbuka ni nani aliyekupigia akakuambia uondoke: ni mimi. Nilikuambia mwanaume anayeficha onyo kwa ajili ya dhahabu hana atakachoshindwa kukuficha wewe. Ulilia ukaniuliza kama nina hakika, nikakujibu ninayo, kwa sababu taarifa nimeiona kwenye tovuti niliyoijenga mwenyewe. Ukamchukua Limi ukaenda Mhunze kwa neno langu.

Sasa juzi uliniagiza nguo za Limi na sweta yake ya kijani. Nilikwenda kwako nimekunja uso. Selestine amekonda, dada. Mafiga ni ya baridi, sufuria zako zimefunikwa vilevile ulivyoziacha. Yupo kwa dhamana, anakwenda kuripoti kituoni, na hakuna mwenye duara anayetaka kumwona winchini kwake; wakimpita barabarani wanajifanya wanaongea na simu. Alinipa kigoda, nikakataa kukaa, nikaanza kukusanya nguo. Ulimi wangu unaujua. Nilimwambia angebandika karatasi zote mbili, mama yake Enock asingekuwa anakaa peke yake leo.

Aliingia chumbani akarudi na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, ina tope kwenye kingo na tundu la msumari juu. Aliiweka juu ya nguo za Limi mikononi mwangu, akasema kwa upole kwamba kwa kuwa tovuti ni yangu, basi nimwambie mimi hiyo ya pili iko wapi, kwa sababu yeye ameitafuta mpaka ameanza kuamini kwamba kweli aliitupa.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Juu: Taarifa ya ukaguzi, duara la mashariki. Tarehe, jina la Pantaleo. Chini yake: Gusa hapa usome zaidi. Baada ya hapo karatasi nyeupe tupu mpaka chini, na kwenye kona, kwa zile herufi ndogo ambazo kompyuta huziweka yenyewe wakati wa kuchapa, 1/1. Maana yake ukurasa wa kwanza, na kurasa zote ni moja. Nilikaa chini sakafuni. Karatasi ya pili haikuwepo, Noela. Kilichokunjwa kwenye skrini hakichapwi. Kinachofika kwenye karatasi ni kile kinachoonekana peke yake. Nilizunguka na kiendelezi changu kwenye simu za watu wote ofisini na sikukipeleka kwenye printa hata siku moja, na printa ipo nyuma ya kiti changu.

Nilimwambia palepale, vyote, mpaka nuktambili za Pantaleo. Nilitaka anitukane, pengine ningepata nafuu. Badala yake alinisimulia jambo ambalo anasema hakulisema polisi wala msibani kwa kuwaonea aibu marehemu. Asubuhi ile aliisoma karatasi kama kawaida, kwamba ukaguzi umefanyika, duara la mashariki, na alipofika kwenye mstari ule akausoma pia, akidhani ni maneno ya matangazo tu kama yale ya kwenye vocha. Vijana wakacheka. Enock, unamjua alivyokuwa na utani, alikwenda mpaka kwenye nguzo, akaibonyeza karatasi kwa kidole, akasubiri kidogo, akabonyeza tena. Aligeuka akawaambia wenzake haifunguki, labda bando limeisha. Wakacheka mpaka Mageni akashika kiuno. Halafu wakashika kamba, wakashuka.

Tangu juzi sijalala vizuri, namwona yule kijana na kidole chake.

Selestine aliniomba nisikuambie. Alisema umeshapoteza nyumba, usije ukapoteza na mdogo wako. Na kwamba baba na mayu wananitazama mimi, yeye ameshazoea kutazamwa vibaya. Nilimkubalia kwa sababu nilikuwa naogopa, siyo kwa sababu ilikuwa haki. Leo wakati wa misa nimeona siwezi. Ahadi yenyewe naivunja kwa mkono wangu, na nimemwambia kabla ya kuanza kuandika. Hakufurahi.

Katibu nimemweleza pia. Yeye angependa tuseme ilikuwa hitilafu ya mtambo na tuachie hapo, maana ushirika utaingia matatani. Nimemwambia mtambo haukumfundisha Pantaleo, nilimfundisha mimi. Kesho naongozana na Selestine kituoni na karatasi yake. Sijui watanifanya nini, na ofisini sidhani kama kiti changu kitanisubiri. Nikiachiwa nitakuja Mhunze kwa mama yake Enock. Nakuomba usimtangulie kumwambia. Anastahili kulisikia kwangu, na kama atanifukuza, anifukuze nikiwa nimesimama mbele yake. Kwao Mageni kule Maganzo nitakwenda baada ya hapo.

Kiendelezi nimekirekebisha. Ni mstari mmoja tu, unaosema ukurasa ukipelekwa kuchapwa, mikunjo yote ifunguke. Niliuandika, nikachapa, maneno yote yakatoka, na chai yangu ilikuwa bado ya moto. Nililia juu ya ile karatasi mpaka wino ukasambaa.

Nguo za Limi sikuzileta, usimgombeze Mwaisha. Nilizirudisha kwenye kamba yake mle chumbani, sweta ya kijani nikaitundika mbele ionekane mlango ukifunguliwa. Selestine aliniangalia nikifanya hivyo, na nilipokuwa natoka nilimsikia anapepea mkaa jikoni. Sikuambii urudi, nimeshakuamulia mara moja na umeona nilivyokuamulia. Nakuambia tu kwamba mumeo aliwasomea vijana kila neno lililokuwa kwenye karatasi.

Nisalimie baba na mayu, mwambie mayu namwombea kifua chake. Mbusu Limi kwa niaba yangu, na kwa niaba ya baba yake, maana ananiuliza habari zake kisha anajifanya hakuuliza. Usiharakishe kunisamehe kwa sababu mimi ni mdogo wako. Na kama utapata nguvu ya kuandika jibu moja tu, mwandikie yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Lusia