Nilipoipamba kompyuta ya Baba

Jumamosi, mwezi wa nne. Mtambile.

Mvua tangu alfajiri, na umeme haukukatika hata dakika moja. Leo ndiyo siku pekee niliyouombea ukatike, nao ukabaki.

Nimekaa barazani, laptopu mapajani. Magharibi bado. Baba yumo ndani, na redio yake kaizima. Redio ya Baba haizimwi.

Sijui nianzie wapi, basi naanzia kwenye kosa langu.

Baba ni mwalimu mstaafu. Kila Jumamosi watu humjia awaandikie barua: za shehani, za wilayani, za watoto walio mbali. Alijifunza kupiga chapa chuo cha ualimu, kwenye mashine ya chuma, na mpaka leo vidole vyake vinakwenda vyenyewe. Kompyuta yake ni ya mezani, kuukuu. Tangu nirudi kutoka Unguja na cheti changu cha kompyuta, sura yake ilikuwa ikinichefua. Skrini ya kijivu kama sementi. Aikoni kubwa kubwa zimejipanga safu moja kushoto. Na kila kitu kikifunguka kinalia, ti.

Mimi ni mtu wa sura, nakiri. Huwa naingia kwenye kurasa ambako watu huonyeshana skrini zao zilivyopambwa, nikatazama kama wengine wanavyotazama nguo za harusi. Chuoni nilikuwa nikibishana na wenzangu. Wao walisema kompyuta ni chombo cha kazi, ifunguke haraka basi. Mimi nikisema mtu anayekaa mbele ya kitu saa tano kwa siku ana haki ya kutazama kitu kizuri.

Bado naamini hivyo. Ndiyo maana inaniuma.

Jumatano Baba alipokwenda kumzuru mgonjwa, nikabadilisha kila kitu. Nikaweka mwonekano mpya wa kisasa. Safu ya aikoni nikaiondoa, nikaweka utepe mwembamba chini ya skrini, unaojificha mpaka uusogelee kwa kipanya. Milio nikaizima. Na skrini nzima, ukuta kwa ukuta, nikaweka picha ya Mama: kakaa kwenye jamvi anachambua karafuu, kaangalia pembeni, anacheka. Mama hakupenda kupigwa picha. Ile alipigwa kwa kuibiwa, hakujua.

Baba aliporudi nikamwita. Akasimama mbele ya skrini na kofia yake mkononi.

"Vitu vyako vyote vipo, Baba. Kelele tu nimeziondoa."

"Mashaallah," akasema. "Inapendeza. Kazi safi."

Akaenda kutia udhu.

Mama ana miaka mitatu kaburini, na Baba kaitazama picha yake akasema kazi safi. Nilikasirika. Siku tatu nimempakulia chakula kwa hasira, nikamjibu kwa maneno mafupi, nikajiambia kumbe wanaume husahau hivi. Namwomba Mungu anisamehe kwa siku hizo tatu.

Leo asubuhi kaja Bi Time wa Wambaa, kalowa mpaka magotini. Uchaguzi unakaribia na kila mtu anazungumzia vitambulisho. Mwanawe hana, kwa sababu karatasi yake ya kuzaliwa imepotea, na wilayani wametaka maelezo kwa maandishi. Jumatatu ndiyo mwisho. Baba akamkaribisha kwenye kiti cha wanaoandikiwa, ng'ambo ya meza, mgongo wa skrini ukimtazama.

Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Dirisha la jikoni linasikia kila kitu. Bi Time akaeleza mtoto alivyozaliwa, mkunga alivyochelewa kwa mvua, nani walikuwepo, nani kati yao yuko hai.

"Waambie, Mwalimu," akasema. "Nimemzaa mie. Haikumzaa karatasi."

"Hilo nitaliandika vilevile," Baba akamjibu. "Wakilikataa, watakuwa wamekukataa weye."

Wakacheka. Vidole vya Baba vikagonga kibodi, haraka, kama mvua ya pili ndani ya nyumba. Robo saa hivi. Kisha akaniita, kama anavyoniita siku zote.

"Raya, njoo umsomee Bi Time barua yake."

Nikafuta mikono, nikaja, nikasimama nyuma ya bega lake.

Kwenye skrini alikuwepo Mama tu.

Hakuna barua. Hakuna hata dirisha lililofunguka. Baba kakaa mikono juu ya kibodi, uso kauelekeza sawasawa kwenye kicheko cha Mama, anasubiri nisome.

Nilielewa yote kwa pamoja, kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji. Kwa nini kila aliyeandikiwa barua huambiwa aisome mwenyewe kwa sauti, asikie kama ndivyo alivyotaka. Sote tuliona ni adabu yake. Kwa nini kwa asiyejua kusoma huitwa mimi. Kwa nini mkono wake hupita ukutani akienda chooni, nami nikisema ni uzee. Ile safu mbaya ya aikoni hakuwa akiitazama. Alikuwa akiihesabu kwa vidole: mshale wa chini mara kadhaa, kitufe cha ingiza, asikie ti, aandike.

Nami nikaiondoa kwa sababu haipendezi.

Bi Time alikuwa ananitazama. Nikasoma. Nilisoma barua isiyokuwepo, kutoka kwenye jamvi la karafuu, kwa maneno niliyoyasikia dirishani na mengine niliyoyatunga papo hapo. Nikataja mkunga. Nikataja mvua. Nilipofika kwenye karatasi isiyozaa, Bi Time akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Ndivyo hivyo hivyo," akasema. "Mungu akupe umri, Mwalimu."

Baba akasema nichape. Nikasema wino umekwisha, arudi kesho saa mbili. Uongo wa pili ndani ya dakika kumi, na wa pili ulikuja kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Bi Time alipoondoka, Baba hakuinuka.

"Raya."

"Labeka, Baba."

"Ile barua haikuwa yangu."

Nikashika egemeo la kiti chake.

"Yangu ilikuwa bora," akasema. Kisha akauliza, "Yangu niliiandika wapi?"

"Hukuiandika popote, Baba."

Akatikisa kichwa polepole, kama anavyokitikisa akipewa habari za msiba.

"Na hapo mbele pana nini?"

"Pana picha."

"Ya nini?"

"Ya Mama."

Mkono wake ukatoka kwenye kibodi, ukaenda ukagusa kioo, ukakaa pale. Uligusa jamvi, haukumgusa Mama.

"Kavaa nini?"

Nikamwambia. Kanga ya buluu yenye ukingo mweupe, ile iliyoungua kwa pasi pembeni. Kilemba cha kanga hiyohiyo. Nikamwambia anacheka na jino la pembeni linaonekana. Nikamwambia mpaka vikonyo vya karafuu vilivyomganda mikononi. Nilikuwa nalia na kueleza, naye akiitikia, mm, mm, kama mtu anayehakikisha hesabu ya mwanafunzi.

Kisha akasema, "Vitu vyangu virejeshe vilivyokuwa. Picha iache."

Akanitajia safu yake ilivyokuwa, uso kauelekeza dirishani. Ya kwanza juu, pipa la taka. Ya pili, Qur-ani. Ya tatu, barua za watu. Ya nne, barua zake mwenyewe, nisifungue. Nikazipanga safu moja kushoto, zile zile kubwa kubwa, zimemfunika Mama bega. Nikairudisha milio. Nikafumba macho nikajaribu mwenyewe: juu kabisa, chini mara mbili, ingiza. Ti.

Ni skrini mbaya kuliko zote nilizowahi kuzipanga.

Sasa nimekaa hapa barazani. Kaka Seif kapiga simu kutoka Unguja mara mbili, sijapokea. Yeye alishasema: Baba akishindwa kujiangalia atamchukua, na nyumba itafungwa. Baba akamjibu, "Unguja nikafanye nini, nihesabu magari?" Tukacheka wote. Leo najua hata magari asingeweza kuyahesabu.

Nikinyamaza, Baba anabaki na Jumamosi zake, na macho yanaendelea kufifia, na labda bado yangetibika. Nikisema, daktari atamwona, na huenda nikawa nimemtoa kwenye meza ile moja kwa moja. Kumtunza na kumficha sikuwahi kujua vinafanana hivi.

Sitampigia Kaka leo. Wala sitamsemea Baba tena maneno ambayo hakuyaandika.

Kesho saa mbili ni ya Bi Time. Akishaondoka na barua yake mkononi, nitakaa mimi kwenye kile kiti cha ng'ambo ya meza, nimwombe Baba barua moja, ya kwenda kwa Kaka, kuhusu macho yake. Maneno ayapange yeye. Akiniita nitasoma, na nitasoma yaliyopo tu.