Pembe ya Ayala Haikuwa na Mwiko

Mpendwa Mjomba,

Waombolezaji wamerudi makwao, mikeka imekunjwa, na mimi nimebaki na hasira yangu. Watu wananikanya kwamba marehemu hasemwi vibaya. Sawa. Mimi sikusemi, nasema nawe, usoni kama ulivyonizoesha.

Unakumbuka Mama aliponitoa Lweba akanileta kwako Baraka? Kerezo lako la kuchongea pembe za mbawala lilihitaji mtu wa kuvuta ukanda, na wewe na shangazi hamkujaliwa mtoto. Uliketi chini na patasi yako, mimi nikavuta ule ukanda wa ngozi huku na huku, pembe ikazunguka kati ya vigingi viwili mpaka ikawa kishikio cha kalamu, kinangoja tu ncha ya chuma na wino. Makarani wa bureau ya serikali kule Fizi walizigombania kalamu zako. Ulinitania kwamba mume nitakayempata atapigwa, maana mkono wangu ulikuwa na nguvu kuliko wa mvuvi. Nilikuwa na furaha nyumbani kwako, Mjomba. Nalisema hilo kwanza ili usidhani nimesahau.

Nilipovunja ungo, ukanipokonya ukanda. "Mbawala ni mwiko kwa banamuke," ulisema. "We ni mukubwa sasa. Usiguse tena hii pembe." Sikubisha. Mwiko ule niliukuta duniani. Hata bibi aliuheshimu: nyama ya mbawala ilipikwa nje, na sufuria yake haikuingia jikoni. Nikaenda kulima mihogo, huku masikio yangu yakisikiliza kerezo.

Kisha yule mzungu wa machimbo ya dhahabu kule Lulimba akakuletea furushi la pembe zenye matawi, zimetoka kwao Ulaya. Alitaka kalamu moja tu, zilizobaki akakuachia. Mnyama mwenyewe ndiye yule ambaye makatekista humwita ayala. Mzungu akaeleza kwamba pembe zile hazikutoka kwa mnyama aliyeuawa. Ayala huziangusha mwenyewe kila mwaka, zikaota nyingine, naye aliziokota msituni. Ulicheka mpaka ukashika kiuno. "Nyama gani inaangusha pembe sawa vile miti inaangusha majani?"

Lakini ulipozikata, kicheko kiliisha. Pembe ya mbawala ina uwazi ndani, ncha tu ndiyo imejaa. Hii ilijaa karibu yote: katikati laini kidogo, pembeni ngumu kabisa. Uliipima mkononi, ukachagua tawi lililonyooka, halafu ukaniita kutoka shambani.

"Riziki, kuya hapa. Hii nyama bankambo, babu zetu, hawakuiyua hata jina. Tena hakuna mutu aliiua, damu haiko. Mwiko itatoka wapi?"

Maneno hayo ni yako, Mjomba. Mimi sikuyaomba. Ni wewe uliyeichagua pembe ile, na uliichagua kwa ajili yangu. Siku hiyo hukunipa ukanda, ulinipa patasi. Wewe, mtu mzima mwenye mvi, ukaketi upande wa pili ukamvutia ukanda binti wa dada yako. Pembe ilinuka kama nywele zilizoungua. Nilijifunza kutoikandamiza, maana ukiikandamiza inababuka, na kuing'arisha kwa majivu na mafuta ya mawese. Ulipoishika kalamu yangu ya kwanza uliigeuzageuza, kisha ukasema, "Mukono yako inashinda yangu." Nilitembea na maneno hayo kama mtu aliyeshiba.

Halafu karani mmoja wa Fizi akairudisha kalamu aliyoinunua kwako. Alisimama mlangoni, suruali imepigwa pasi, ameishika kalamu kwa vidole viwili. "Nasikia ni mwanamuke alitengeneza hii. Mi nitamwandikia mukubwa na kalamu ya mwanamuke?"

Nilikuwa pale pale, vumbi la pembe limejaa kichwani mwangu. Nilikutazama. Wewe ukatazama chini.

"Ni mi nilitengeneza," ukasema. "Yeye alikuwa anafagia tu. Hii pembe nayo ni mwiko kwa banamuke."

Nayo ni mwiko! Tangu lini? Babu yupi alikutana na ayala, wapi, akamkataza nani? Mnyama ambaye hajawahi kunywa maji ya ziwa letu wala kula majani ya milima ya Bibokoboko, akapewa mwiko mchana mmoja, mlangoni, kwa sababu karani amekunja uso! Na ni wewe uliyekuwa ukinung'unika kila jioni kwamba wazungu wanalala na kuamka na sheria mpya. Kweli mkuki kwa nguruwe.

Ungeniita kando ukasema, "Mwanangu, naogopa midomo ya watu," ningeelewa. Hofu hata mimi naijua. Lakini ulimsingizia mnyama. Baadaye ukaninunulia kitenge, ukaniwekea kichwa cha samaki kila siku, na patasi hukunipa tena. Kitenge nilikivaa. Upendo wako siukatai. Ila uongo wako umetembea, Mjomba. Akina mama wa Baraka wanawafundisha binti zao mwiko wa ayala kana kwamba umetoka kwa bankambo.

Sasa sikia. Mtoto wa kaka yako aliyerithi kerezo anababua kila pembe anayoigusa. Juzi alikuja na wazee wawili. Wanataka nikereze uani, kalamu ziitwe zake. "Kimya kimya, Riziki. Batu basijue."

Nikauliza, "Na mwiko?"

Mzee mmoja akajibu bila aibu, "Mwiko ni ya mbele ya batu."

Nikawaambia walete kerezo, na pembe zako zilizobaki. Wakalileta mbio, wakidhani nimekubali. Nimelisimika mbele ya nyumba yangu, kando ya barabara ya soko, na dada mdogo wa mume wangu ndiye anayevuta ukanda. Wazee wamekasirika. Na wakasirike, zamu yangu ya kukasirika ilikuwa ndefu.

Leo asubuhi mama mmoja alimshika binti yake mkono asitazame. "Twende, ile ni mwiko."

Nikamwambia, "Mama, ile mwiko, baba yake mi namujua. Tulimuzika juzi juzi."

Pumzika, Mjomba.

Ni mimi mwipwa wako, niliyezikereza kalamu zile.