Munisamehe, Haiko Goli

Mujukuu wangu Neema,

Huku Kirotshe tuko wazima, na mama yako amevuna maharagi. Unaniuliza kama uache kazi ya radio, kwa sababu kosa yako ya kutangaza goli yenye haikuwa na vile uliomba musamaha inachekwa mu kila telefone.

Wakati wa vita tulikimbilia mu kambi ya Shasha. Papa Bahati njo alikuwa anatangaza mechi na megafone. Siku moja alipiga kelele, "Goli!" kumbe mupira umepita inje. Akasema, "Munisamehe, haiko goli." Tangu pale, mutu akikosea kitu, hata kumwanga maji tu, watoto wanamuimbia ile maneno. Haya ikamushika, akaficha megafone.

Lakini mbele ya pale, kila mechi ikiisha, yeye njo alikuwa anaita na ile megafone majina ya watoto waliopotea njiani. Dada yangu Furaha, aliyekuwa anatafuta mutoto wake Amani, akamufuata: "Papa, acha wacheke. Nani ataniitia mutoto?"

Akarudi. Walimucheka, akangoja, akatangaza mpaka mwisho. Alipoanza kuita majina, watu wakaacha kucheka, wakasogea karibu. Siku ile hakuna mutoto aliyepatikana. Akaita tena mechi iliyofuata, na ingine, mpaka siku sauti ndogo ya Amani ilijibu: "Niko hapa!"

Rudia ku mikro, Neema. Radio yangu iko wazi, nakungojea.

Koko wako