Mama Mkwe, Shuka la Maua na Mieleka ya Zamani

Shangazi Melania, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejibanza nyuma ya duka la spea za pikipiki ninakouza hapa Biharamulo mjini, kwa sababu nyumbani kwangu siku hizi hakukaliki, na kila ninayejaribu kumweleza shida yangu anaanza kucheka kabla sijafika kwenye shida yenyewe, kwa hiyo nawe kama ni kucheka cheka tu, lakini ukimaliza unisaidie.

Mimi ni Mhangaza wa Bukiriro kule Ngara, mke wangu Jovina ni Msukuma, wazazi wake walitoka Shinyanga na ng'ombe wao yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, wakapata shamba mbele ya Nyakahura na huko ndiko mama yake anakoishi mpaka leo, baba alishafariki. Sasa kwao, Shangazi, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawashikani mikono, na wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani mpaka mwenzake apite. Hata kwetu mama mkwe anaheshimiwa, lakini wenzetu wamezidi, mimi siku ya harusi yangu mama mkwe nilimwona kisogo tu, na miaka yote tumeishi hivyo bila ugomvi wowote.

Mwaka huu mama akaanza kupapasa ukuta, kumbe ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, Jovina akamleta kwetu kwa sababu madaktari wa macho huwa wanakuja hospitali ya hapa mjini kwa zamu. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji likatoka vizuri, la kushoto akaambiwa asubiri watakaporudi. Tukapanga maisha, mama anakaa sebuleni, mimi nikitoka kazini napitia mlango wa uani nikiwa nakohoa ili ajue napita, naingia chumbani moja kwa moja. Tatizo ni kwamba televisheni iko sebuleni.

Na mimi ugonjwa wangu ni mieleka ya zamani. Siyo hii ya sasa ya mataa na moshi, ni ile ambayo picha ina mistari na rangi zimepauka, wanaume wana vitambi na suruali za kubana, pamoja na zile katuni za ndondi ambazo jogoo anavaa glavu anapigana na dubu. Nilipokuwa mtoto parokiani kwetu padri alikuwa anatuwekea Jumapili baada ya misa, televisheni ikitumia betri ya gari, na kwa kuwa majina ya wapiganaji hatukuyaelewa tuliwapa ya kwetu, Fuvu la Chuma, Mzee Kifua, na Muuza Chumvi, huyu alikuwa anamrushia mwenzake unga machoni refa akigeuka. Mwaka jana fundi mmoja alinijazia zote kwenye flashi na mimi nikajiona tajiri.

Basi siku mama alipotolewa bandeji Jovina alimwashia televisheni ajaribu jicho, flashi yangu ilikuwa imechomekwa, na kitu cha kwanza mama wa watu kukiona vizuri baada ya muda wote ule ni Fuvu la Chuma akimjia Mzee Kifua kwa nyuma na kiti mkononi. Mimi nikiwa chumbani nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia ikipanda, "Bebe! Geuka nyuma!" maana kwao bebe ni wewe, na kuanzia hapo mama hakutaka taarifa ya habari wala kwaya, akawa anasema tu, "Nirudishieni wale wanaume."

Nikawa nateseka chumbani nasikiliza mieleka yangu mwenyewe kupitia ukutani. Jovina akanionea huruma, akachukua kamba ya kuanikia nguo akaifunga katikati ya sebule, akatundika shuka letu la maua, mama akakaa upande wa dirisha kwenye mkeka, mimi upande wa mlango kwenye kigoda, televisheni ikatutazama wote. Kwa kuwa kusemeshana hatuwezi tulipitia kwa Jovina. "Jovina, mwambie mwenye nyumba arudishe pale alipomwangusha." "Jovina, mwambie mama huyo mwenye nyekundu ni mwongo, amwangalie mkono wa kushoto." Siku moja Jovina akaweka mwiko chini akasema, "Mimi si mnara wa simu," akachukua kitabu chake cha nyimbo akaenda kwaya. Mama akaiambia televisheni, "Wewe refa, hivi aliyeko upande wa pili amekuona?" Na mimi nikajibu, "Refa, nimekuona, umegeuka makusudi." Toka siku ile tukawa tunaongea kupitia refa, na kwenye katuni tukawa tunapitia kwa jogoo.

Siku nyingine alimwuliza refa kama wanaume wale ni wazima mpaka leo. Nikasema picha ni za zamani sana, huenda wengine walishakufa. Akasema, "Basi turudie pale Mzee Kifua aliposhinda." Shangazi, mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la pili, sijawahi kukaa na mama mtu mzima nikacheka naye hivyo, hata kama sura yake sikuiona.

Sasa jambo lenyewe. Ilikuwa Jumapili mchana, Jovina yuko kwaya, tunatazama lile pambano la mwisho la Mzee Kifua, matokeo nayajua toka utotoni lakini sikumwambia refa chochote. Mzee Kifua kalala chali, refa anahesabu, mama anapiga sakafu anasema inuka baba, inuka, na alipoinuka mimi niliruka, na mama akaruka, kamba ikakatika, shuka likatufunika sote tukaenda chini, na sijui alidhani mimi ni Muuza Chumvi au vipi, mama alinikaba shingo kwapani kabali ya kweli kabisa akapiga sakafu moja, mbili, tatu, na hapo ndipo mlango ukafunguliwa. Alikuwa mzee Ngassa, baba mkubwa wa Jovina, ametuletea maziwa, akaona shuka moja, miguu minne, na ndani yake shemeji yake anashangilia.

Mzee hakunywa hata maji. Mama alijifunika uso kwa kanga, akaondoka naye siku ile ile, na ujumbe umekuja kwamba mpaka nipeleke kondoo wa kuondoa aibu mama hakanyagi kwangu tena. Jovina anataka niuze televisheni, na tangu hapo ananipa chakula bila kunitazama. Dukani wananiita Fuvu la Chuma. Mimi naona sina kosa, lililoanguka ni shuka, nikipeleka kondoo nitakuwa nimekubali kwamba kuna jambo la aibu limetendeka, na nisipopeleka nyumba inanivunjikia. Na madaktari wa macho wanarudi mwisho wa mwezi huu. Je, niuze televisheni, nipeleke kondoo, au niende nikamweleze mzee Ngassa kwamba dunia imebadilika?

Ni mimi Wiston, mkwe asiye na mama mkwe.

JIBU LA SHANGAZI MELANIA

Marahaba, Wiston. Nimecheka, ruhusa umenipa mwenyewe. Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kama niko salama, nikampa barua akasoma, naye akakaa chini. Sasa nimemaliza, na wewe kaa vizuri nikuseme.

Barua yako ni ndefu. Fuvu la Chuma nimemjua, Mzee Kifua nimemjua, jogoo na glavu zake nimewajua. Madaktari wa macho umewapa mstari mmoja, chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka kuagiza chumvi mwenzake akiwa ameshafika mlangoni. Jicho la mama wa watu linasubiri, wewe unaniuliza habari za televisheni. Hapo ndipo ulipokosea, mwanangu, na wala siyo kwenye shuka.

Tuanze na kondoo. Unajitetea sana, na sioni aliyekushtaki. Mzee Ngassa si mtoto, akili inamtosha kujua alichokiona ni ajali na pambano la mieleka. Lakini alichokiona amekiona. Wewe huko dukani unaitwa Fuvu la Chuma, watu wanacheka na wewe unapata pa kusimulia. Mama mkwe wako kijijini anaitwaje? Umejiuliza? Ni mama mzima, mjane, ameshikwa na shemeji yake akiwa amemkaba mkwewe kabali na kumhesabia. Wewe kichekesho, yeye aibu. Kondoo yule hasemi kwamba ulifanya uchafu. Anampa mama ruhusa ya kuinua uso na kutoka nje ya nyumba yake. Ukimnyima kwa sababu ya ubishi wako, unamfungia ndani ukiwa huna kosa, na sijui hilo litakufaa nini.

Hiyo hotuba ya dunia imebadilika iache hapo hapo dukani. Dunia imebadilika kweli, lakini haikumwuliza mama mkwe wako. Na wewe ulipooa kwao mila ulizijua, ulizishika vizuri hadi siku ilipokuja flashi.

Huendi peke yako, tafadhali. Mkwe akienda mwenyewe kueleza namna alivyoanguka na mama mkwe, kila neno atakaloongeza litaharibu. Tafuta mzee wa ukoo wenu kule Bukiriro, baba mdogo au mjomba, mtu wa maneno machache asiyechekacheka. Umweleze yote kabla ya safari ili acheke huko huko kwenu na amalize. Kondoo aende, kitenge kizuri cha mama kiende, na wewe ukae nje ya ua mpaka uitwe. Ukiitwa, usisimulie pambano. Hata wakikuuliza nani alishinda, usijibu.

Na mzee wenu, wakishasalimiana, aombe jicho kwanza. Vikao vya wazee navijua, vinaweza kwenda mpaka mahindi yakomae, na madaktari hawana habari na kikao. Aseme hivi: mengine tutayakalisha na kuyamaliza, lakini mama aje hospitali zamu hii. Asifikie kwako kama wanaona ni mapema, hilo wana haki nalo. Jovina ana wenzake wa kwaya, hatakosa mmoja mwenye kitanda cha ziada hapo mjini kwenu. Jovina atamshika mkono mama yake kwenda na kurudi, wewe utalipa nauli na dawa, na hutaonekana. Ndiyo kazi ya mkwe kwa wiki hiyo, kutoonekana.

Nawe Jovina, najua gazeti utalisoma kabla yake. Televisheni haina kosa, usiiuze. Hasira zako nazielewa, aliyeaibika ni mama yako na aliyeachwa kujibu maswali ya ukoo ni wewe. Lakini mume anayemfichia mama yako matokeo ya pambano asimharibie raha, huyo hakumdharau. Mtazame unapompa chakula. Na shuka halitoshi, mlione hilo wote wawili. Mwite seremala aweke mbao kutoka sakafuni hadi juu, imara, ambazo hata watu wakiruka hazianguki.

Wiston, kuna mahali umeandika kwamba hujawahi kukaa na mama mtu mzima ukacheka. Pale nilisimama nikasoma mara ya pili, na sikucheka. Hilo hukumwambia mtu, umeniandikia mimi nisiyekujua. Mwambie mkeo. Leo, siyo baada ya kikao. Yeye ndiye atajua namna ya kumfikishia mama yake kwa Kisukuma, na nadhani mama akilisikia hilo, njia ya kutoka Nyakahura itakuwa fupi zaidi kuliko unavyoiogopa.

Lakini ukikaa hapo nyuma ya duka unabishana na kondoo mpaka mwezi uishe, madaktari watakuja na watakwenda, na zamu nyingine hakuna anayekuahidi. Jicho moja la mtu mzima si la kutegemea. Siku likigoma nalo, Wiston, utakuwa na flashi yako kamili, na mama atakuwa anasikia makelele asijue nani kaanguka. Utatamani umsimulie. Na kwa mila ile ile hutaruhusiwa kumsimulia neno.

Simu unayo mfukoni. Mpigie mzee wa Bukiriro kabla hujalikunja gazeti hili.